Aseniki kwenye udongo wa shule: ni kiasi gani kinaingia mwilini mwa mtoto?

Swali la msomaji

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita. Nyuma ya uwanja wetu kuna rundo la marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua dhahabu) lililoachwa na wachenjuaji wa zamani, na kila mvua ikinyesha mchanga wake unashuka hadi kwenye milango ya madarasa. Mzazi mmoja alipeleka sampuli maabara, karatasi ikarudi imeandikwa aseniki miligramu 400 kwa kilo. Tulipolifikisha suala hili kwa wahusika, mtaalamu wao alituambia aseniki hiyo imefungwa ndani ya mawe, kwamba waliloweka mchanga kwenye maji na haikutoka kitu, kwa hiyo watoto wako salama. Tumwamini nani? Kuna njia ya kupima kinachoingia mwilini hasa? Watoto wapimwe? Na shamba la mchicha la shule tulifanyeje? Mwisho, kina mama wajawazito huku wanakula pemba (udongo wa kula), je, nao jambo hili linawahusu?

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Kwa kifupi, hakuna hata mmoja kati yao aliyewapa namba mnayoihitaji. Karatasi ya maabara inaeleza aseniki iliyomo udongoni, haielezi kiasi kinachoingia mwilini. Huyo mtaalamu naye amesema kweli kwamba si aseniki yote ya udongoni hufyonzwa, ila kuloweka mchanga kwenye maji hakupimi kinachotokea tumboni. Na hata asilimia ikitoka ndogo, ni lazima izidishwe na kiasi kilichomo na kiasi anachomeza mtoto ndipo ijulikane kama kuna hatari. Kipimo cha kufanya kazi hiyo kipo na kimehakikiwa. Nitakueleza kinavyofanyika, ili mkikaa tena mezani na wahusika mjue cha kudai.

Tuanze na mwili wenyewe. Aseniki iliyoyeyuka kwenye maji ya kunywa hupenya karibu yote kwenye utumbo mwembamba, zaidi ya 90%. Ikifika kwenye ini hubadilishwa umbo hatua kwa hatua, kisha figo huitoa kwa mkojo, na sehemu kubwa huwa imetoka ndani ya siku chache. Kwenye damu haikai, hushuka ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana anayetaka kujua ni aseniki kiasi gani imeingia mwilini hutazama mkojo. Inayoingia kila siku kwa miaka, hata kidogo kidogo, ndiyo inayoleta mabaka na magamba ya ngozi, na saratani za ngozi, mapafu na kibofu.

Aseniki ya udongoni ina safari ndefu zaidi. Ni lazima kwanza itoke kwenye chembe ya udongo, iyeyuke katika majimaji ya tumbo, ndipo ifike ukutani mwa utumbo ikiwa tayari kufyonzwa. Isiyoyeyuka hupita na kutoka na choo, kama mbegu za pera. Kwa hiyo swali la kisayansi huulizwa hivi: mtu akimeza kiasi kilekile cha aseniki, mara moja kikiwa kwenye udongo na mara nyingine kikiwa kimeyeyushwa majini, ile ya udongo itaingia kwa asilimia ngapi ya ile ya maji? Asilimia hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Njia iliyoaminika kwa miaka mingi ni ya wanyama. Chuo Kikuu cha Missouri kule Marekani kilitumia nguruwe wadogo, kwa sababu tumbo na utumbo wao hufanana sana na vya mtoto mdogo. Udongo unafichwa katikati ya tonge dogo la chakula kilicholoweshwa, nguruwe anapewa mara mbili kwa siku, na kila dozi inatangulia mlo kwa muda wa saa mbili ili imkute tumbo likiwa tupu. Hilo huendelea kwa karibu wiki mbili. Mkojo unakusanywa wote, kwa vipindi vya saa 48. Kundi jingine linapewa aseneti ya sodiamu, yaani chumvi ya aseniki, iliyoyeyuka. Kisha unagawanya: sehemu ya dozi iliyotoka kwenye mkojo wa waliokula udongo, kwa sehemu iliyotoka kwa waliopewa ile iliyoyeyuka. Wengine hutumia panya, na kuna waliotumia kima.

Kima ndio waliotumika kwa udongo wa Anaconda, jimbo la Montana, mji uliokuwa na kiwanda kikubwa cha kuyeyusha shaba hadi kilipofungwa 1980. Udongo wa nje ulitoa 18.3%. Vumbi lililokusanywa ndani ya nyumba za watu lilitoa 25.8%. Namba hizo zilitumika moja kwa moja kupanga kiwango cha kusafisha makazi ya mji huo, kikawa miligramu 250 kwa kilo. Zingatia mambo mawili hapo, Mwalimu. Vumbi la ndani lilikuwa baya kuliko udongo wa nje, kwa hiyo sakafu za madarasa yenu zina uzito uleule wa uwanja au zaidi. Na ijapokuwa asilimia ilikuwa chini ya 20, hakuna aliyesema udongo wenye miligramu 400 uachwe ulipo.

Watu nao wamewahi kupimwa. Watu wazima waliojitolea walimeza udongo kidogo kutoka josho la zamani la ng'ombe huko Florida, kwa sababu miaka ya nyuma dawa ya kupe ilikuwa ni aseniki. Karibu nusu ya aseniki ya udongo ule iliingia mwilini. Nautaja udongo huu wa josho kwa makusudi, maana na huku kwetu majosho ya wakati wa ukoloni yalitumia aseniki kabla ya kuja dawa nyingine. Aseniki haiozi wala haiishi makali. Josho lililofukiwa na kusahauliwa, watu wakajenga juu yake, linastahili kuchunguzwa sawasawa na rundo la marudio.

Mwaka 2012 EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, lilikusanya makadirio 103 ya aina hii kutoka udongo wa sehemu mbalimbali. Yaliyozidi 60% hayakufika hata 5 katika kila 100. Shirika likaamua kwamba mahali ambapo hakujapimwa, itumike 60%. Hili ni jibu la kwanza la kumpa huyo mtaalamu: mahali ambapo kipimo sahihi hakijafanyika, namba ya kuanzia ni 60. Sifuri si namba ya kuanzia popote.

Mbona asilimia zinatofautiana hivyo, kutoka chini ya 5 hadi juu ya 60? Kinachoamua ni aina ya madini yanayoibeba aseniki. Katika miamba mingi ya dhahabu, ukiwemo ukanda wetu wa Ziwa Victoria, aseniki huja na madini ya salfidi, hasa asenopairiti, yenye chuma, salfa na aseniki kwa pamoja. Asenopairiti mbichi iliyotoka duarani (shimo la mgodi) jana haiyeyuki kirahisi tumboni. Hapo huyo mtaalamu angekuwa na hoja. Lakini ukishaipitisha kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ikawa unga, ukaimwaga mwaloni wanapooshea dhahabu, ikanyeshewa mvua na kupigwa jua miaka kumi au ishirini, salfidi inaoza. Aseniki inatoka ndani ya jiwe na kujishika juu ya kutu ya chuma, ile rangi ya kahawia na chungwa mnayoiona kwenye marundo ya zamani. Aseniki iliyoshikwa juu ya kutu huachiliwa tumboni kwa urahisi zaidi kuliko ile iliyokuwa ndani ya jiwe, na ikiwa imeungana na kalsiamu huachiliwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo maneno "imefungwa ndani ya mawe" yanaweza kuwa kweli kwa mwamba ulio chini ya ardhi na yasiwe kweli kwa marudio yaliyozeeka nyuma ya darasa. Yanatakiwa yapimwe, kwenye rundo hilohilo, kwa hali yake ya leo.

Sasa kipimo chenyewe. Nguruwe na kima ni ghali, huchukua muda mrefu, na si jambo la kufanya kwa kila kiwanja. Watafiti walitengeneza kipimo cha chupa kinachoiga tumbo, wakakilinganisha na matokeo ya wanyama kwa udongo uleule hadi wakajua kinaaminika kiasi gani. Kilianza kutumika kwa madini ya risasi, na mwaka 2017 EPA ikakikubali rasmi kwa aseniki. Kinaitwa Method 1340, na maabara yenye vifaa vya kawaida vya kemia inaweza kukifanya.

Udongo unakaushwa taratibu, usipikwe, kisha unachekechwa kwa chekeche la maikromita 150. Unachukuliwa gramu moja ya unga uliopita. Unatiwa kwenye chupa yenye mililita 100 za mmumunyo wa glisini uliotiwa tindikali ya haidrokloriki hadi pH 1.5, ambayo ni makali ya tumbo la mtu ambaye hajala. Chupa zinafungwa kwenye mashine inayozigeuza juu chini, mizunguko 30 kwa dakika, ndani ya joto la nyuzi 37, kwa saa moja. Mmumunyo unachujwa kwa kichujio cha maikromita 0.45, na aseniki iliyotoka inapimwa. Mwisho wa saa hiyo pH inapimwa tena. Ikiwa imepanda kwa zaidi ya 0.5, maana yake udongo una chokaa iliyoua tindikali, na kipimo kinarudiwa.

Tuchukue mfano wa namba zenu. Tuseme unga uliochekechwa una miligramu 400 kwa kilo, yaani gramu moja ina maikrogramu 400. Baada ya saa moja mmumunyo umekutwa na miligramu 1.12 kwa lita. Katika mililita 100 hiyo ni maikrogramu 112. Gawanya 112 kwa 400, unapata 28%. Hiyo ndiyo sehemu iliyoachiliwa "tumboni". Ili kuigeuza kuwa sehemu inayoingia mwilini, tunatumia mlinganyo uliopatikana kwa kulinganisha kipimo hiki na wanyama: zidisha kwa 0.79, jumlisha 3. Jibu ni takriban 25%.

Huyo mtaalamu akiisikia 25% huenda akafurahi: robo tu! Tuimalizie hesabu. Marekani hukadiria kwamba mtoto wa umri wa chekechea anaweza kumeza hadi miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku, bila kula udongo kwa makusudi. Ni vidole mdomoni, kucha, penseli inayotafunwa, embe lililookotwa chini likafutwa kwenye sare. Miligramu 200 za udongo wenu zina maikrogramu 80 za aseniki. Robo yake ni 20. Mtoto wa darasa la awali mwenye kilo 16 atakuwa ameingiza maikrogramu 1.25 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa zaidi ya miaka 30 kipimo cha rejea cha EPA, yaani kiasi ambacho mtu akikimeza kila siku hategemewi kudhurika, kilikuwa maikrogramu 0.3 kwa kilo kwa siku, na Januari 2025 walikishusha hadi 0.06. Kwa hiyo robo hiyo "ndogo" ni zaidi ya mara nne ya kiwango cha zamani na mara ishirini ya kile kipya. Toa Jumamosi na Jumapili, toa likizo zote, hesabu nusu tu ya siku za mwaka: bado ni mara mbili ya kiwango kile cha zamani.

Kwa lugha ya maji, Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za aseniki kwa lita. Maikrogramu 20 zinazofyonzwa kutoka udongoni ni kama mtoto huyo kunywa lita mbili za maji yaliyofika ukomo huo kila siku, juu ya maji na chakula chake cha kawaida.

Narudi kwenye kule kuloweka, kwa sababu nakuona kunatumika mno kuwatuliza watu. Maji ya kawaida hayana ukali wa tumbo. Kutu ya chuma huishika aseniki imara ndani ya maji yasiyo na tindikali, ndiyo maana "haikutoka kitu". Weka kutu hiyohiyo kwenye pH 1.5 na joto la mwili, nayo inaanza kuyeyuka na kuiachia. Kuna pia vipimo vya tindikali hafifu ambavyo kazi yake ni kujua kama taka zikifukiwa zitachafua maji ya ardhini. Ni vipimo halali kwa kazi hiyo. Kuvitumia kutoa hukumu juu ya tumbo la mtoto si halali, na ningependa wataalamu wenzangu waache kabisa.

Sitaki ufikiri Method 1340 haina mipaka. Haiigi utumbo, inaiga tumbo peke yake, na inaaminika kwa sababu tu imelinganishwa na wanyama. Udongo wenye chuma kingi unaweza kuisumbua. California ilipokabiliana na Empire Mine, mgodi wa zamani wa dhahabu kule Grass Valley uliojaa kutu ya chuma, vipimo vya kawaida vilielekea kutoa namba za chini kuliko za wanyama, na jimbo likatengeneza kipimo chake lenyewe. Udongo mwekundu wa Kanda ya Ziwa nao una chuma kingi. Kwa hiyo matokeo yakitoka 10%, mimi singeyachukulia kama neno la mwisho. Ningedai sampuli nyingine zipimwe kwa njia ya pili, na hesabu ya mtoto ifanyike kwa namba ya juu kati ya hizo.

Mkipeleka sampuli upya, usimamizi wa sampuli ndio utakaoamua kama kipimo kina maana. Chukueni udongo wa juu, sentimita mbili au tatu tu, kwa sababu huo ndio unaoshikwa na mikono. Msichimbe shimo. Chukueni sehemu nyingi: mlangoni, chini ya mti wanapokaa watoto, njia ya chooni, golini, na vumbi la kufagia ndani ya darasa liwekwe kwenye mfuko wake peke yake. Kisha waambieni maabara kwa maandishi: ichekechwe, isitwangwe. Hili nalisisitiza. Maabara nyingi hutwanga sampuli nzima kuwa unga kabla ya kupima jumla, na kwa kazi ya madini ni sawa. Kwa kazi hii kutwanga kunavunja mawe ambayo mtoto asingeyavunja tumboni, na kunachanganya changarawe isiyonata mkononi na unga unaonata. Kunaweza kupandisha namba au kuishusha, na hutajua ni lipi limetokea. Waulizeni ile 400 yenu ya kwanza ilipatikana kwa unga upi. Mara nyingi unga laini una aseniki nyingi kuliko mchanga mzima, hivyo namba yenu halisi inaweza kuwa juu zaidi.

Ulizeni pia kama walitumia ile mashine ya mkononi ya eksirei au waliyeyusha sampuli kwa tindikali. Mashine ya mkononi ni nzuri kwa kuzunguka uwanja na kutafuta sehemu mbaya, lakini mwanga wa aseniki na wa risasi hukaribiana sana humo, na udongo wenye risasi nyingi unaweza kuidanganya. Na kila kundi la sampuli liende na udongo rejea wenye namba inayojulikana. Upo mmoja kutoka Montana unaotumika sana, wenye miligramu 1540 za aseniki kwa kilo. Maabara isiyoweza kuonyesha ilipata nini kwenye udongo rejea haijakupa matokeo ya kuyategemea.

Kuhusu kuwapima watoto: mkojo ndio unaofaa, na unaeleza yaliyoingia siku chache zilizopita tu. Usikubali kipimo cha aseniki ya jumla peke yake. Samaki wa baharini, pweza na kamba wana aseniki nyingi ya aina iitwayo asenobeteni, isiyo na madhara, inayopita mwilini ilivyo na kutoka kwa mkojo. Mtoto aliyetoka likizo Tanga akila pweza anaweza kutoa namba ya kutisha bila kuwa na tatizo. Sato na sangara wa ziwani hawana kiasi hicho, ila bado ni busara watoto wasile samaki wa bahari kwa siku tano kabla ya kutoa mkojo. Maabara itenganishe aina za aseniki: ile yenye sumu, isiyo ya kikaboni, pamoja na aina mbili zinazotengenezwa na ini. Na ipime kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi, kwa sababu mtoto aliyekunywa maji mengi asubuhi hiyo ana mkojo mwepesi, na bila kusawazisha namba zake zitaonekana nzuri kuliko zilivyo. Kucha za miguu zinaweza kueleza miezi iliyopita, mradi zioshwe vizuri, kwa maana vumbi la nje likibaki juu yake unapima uwanja badala ya mtoto.

Wapimwe pia watoto wa shule nyingine iliyo mbali na marudio, inayotumia maji ya aina ileile. Bila wao hamtajua muusome vipi mkojo wa watoto wenu. Nimetaja maji kwa sababu watafiti wamekuta aseniki iliyozidi ukomo kwenye visima kadhaa vya maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Pimeni kisima cha shule wiki hiihii. Kama maji ndiyo yenye tatizo, aseniki yake inaingia karibu yote, na hapo udongo unakuwa wa pili katika orodha.

Msisubiri majibu ndipo mchukue hatua. Mfereji wa kuzuia mchanga usishuke uwanjani, ukoka kwenye sehemu tupu, kifusi safi kwenye njia na chini ya miti, madarasa yafagiliwe baada ya kunyunyizwa maji au yadekiwe, ndoo ya maji na sabuni mlangoni kabla ya uji. Kunawa mikono kunapunguza sehemu ile ile ya hesabu iliyo kubwa kuliko zote, yaani miligramu 200, na hakuhitaji kibali cha mtu.

Mchicha unaweza kupandwa kwenye matuta ya udongo ulioletwa kutoka mbali na rundo. Wasiwasi mkubwa kwenye mboga za majani huwa ni vumbi lililoganda juu kuliko kilichopanda kupitia mizizi, kwa hiyo ziosheni kwa maji mengi, mara mbili au tatu. Viazi na karoti vimenywe. Ila msimwage mbolea ya fosfati kwenye udongo huo kwa kusikia kwamba "inafunga sumu". Fosfati husaidia kuifunga risasi. Kwa aseniki hufanya kinyume: zinafanana kwa umbo, zinagombania nafasi zilezile juu ya kutu ya chuma, na fosfati inaposhinda aseniki inaachiliwa.

Sasa pemba, na hapa sauti yangu naipandisha kidogo. Utafiti uliochapishwa 2014 kutoka jamii za wachimbaji wadogo huko kwenu Geita ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, na sampuli za udongo huo zilikuwa na aseniki pamoja na metali nyingine. Angalia tofauti ya kiasi. Mtoto wa chekechea tumemhesabia miligramu 200. Mama anayekula gramu 30 kwa siku amemeza mara 150 ya hapo. Hata pemba yake ikiwa na miligramu 5 tu kwa kilo, kiasi ambacho hakuna mtu angekishtukia kwenye uwanja wa shule, ni maikrogramu 150 kwa siku. Chukua robo hiyohiyo ifyonzwe: karibu 38. Kwa mama wa kilo 60 ni zaidi ya maikrogramu 0.6 kwa kilo, mara mbili ya kiwango cha zamani, na aseniki huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni.

Kuwakemea kina mama hakusaidii. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwelekezeni mama kliniki apimwe wingi wa damu na apewe vidonge vya madini ya chuma, na aulizwe bila aibu anakula udongo gani, kiasi gani, na ulichimbwa wapi. Kama muuzaji wa pemba hapo sokoni anauchimba karibu na mialo au marudio, peleka kipande kwenye maabara hiyohiyo pamoja na sampuli za uwanja, kipimwe jumla na kwa mmumunyo wa pH 1.5. Huo hauhitaji kuchekechwa, kwa sababu unaliwa wote.